Kuisoma Amplifaya ya Valvu

Katika stoo za shule kongwe, kumbi za mikutano na nyumba za wazee huonekana mara kwa mara sanduku zito la chuma, ambalo juu yake zimesimama chupa ndogo za kioo. Aghalabu hakuna akumbukaye lilikotoka, na mnunuzi wa vyuma chakavu hulipima kwa kilo. Huenda sanduku hilo ni amplifaya, yaani chombo cha kukuza ishara dhaifu za umeme zitokazo kwenye redio au santuri hadi ziweze kutikisa spika. Huenda pia ni redio nzima iliyopoteza kasha lake. Mwenye kulitupa aweza kupoteza mali. Mwenye kulichomeka ovyo kwenye umeme aweza kupoteza uhai.

Chupa hizo ndizo valvu. Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda valvu ya elektrodi mbili mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza ya tatu, gridi, mnamo mwaka 1906. Ndani ya chupa mna ombwe. Kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti nyingi chanya. Gridi iliyo njiani mwao hutenda kama lango la mfereji: badiliko dogo la volti zake huleta badiliko kubwa la mkondo. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, hufanya kazi hiyo bila moto wala ombwe. Ndiyo sababu valvu ziliachwa katika redio za kawaida.

Utambuzi huanzia kwenye majina ya valvu, na majina hayo yana kanuni. Katika mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza hueleza jinsi uzi wa kupashia moto unavyolishwa: E ni volti 6.3, G ni volti 5, U ni mkondo wa miliampea 100. Herufi zifuatazo hueleza kilichomo: C ni triodi, F ni pentodi ndogo, L ni pentodi ya kutoa nguvu, Z ni rektifaya, yenye kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Tarakimu ya kwanza huonyesha tako: 3 ni tako la pini nane, 8 ni la pini tisa. Kwa hiyo ECC83 ni triodi mbili katika chupa moja, volti 6.3, pini tisa. Wamarekani huiita valvu hiyohiyo 12AX7, kwa kuwa nusu mbili za uzi wake zikiungwa kwa mfululizo huhitaji volti 12.6.

Herufi U yastahili kuogopwa. Valvu zake huungwa nyuzi kwa mfululizo na kulishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani, bila transfoma ya kuvitenga vyombo na njia ya umeme. Katika redio ya namna hiyo, yenye valvu kama UL84 na UY85, bamba la chuma lenyewe laweza kuwa na volti 230, ikitegemea plagi imeelekezwa upande gani. Haifai kabisa kwa maonyesho ya darasani.

Amplifaya iliyo bora hujitambulisha kwa transfoma zake. Mfano mzuri ni Quad II, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1953 na kampuni ya Peter Walker mjini Huntingdon, Uingereza. Ina EF86 mbili, KT66 mbili na GZ32 moja, nayo hutoa wati 15 kwa njia moja tu ya sauti. Atakaye stereo sharti awe na mbili. (KT66 ni jina la Kiingereza lisilofuata kanuni iliyotajwa, mwanafunzi na ajaribu kuyafumbua mengine mawili.)

Thamani ya chombo kama hicho imo hasa katika transfoma ya kutolea sauti. Tuseme valvu za mwisho zahitaji mzigo wa omu 5,000, ilhali spika ina omu 8. Uwiano wa mizigo ni 625, na kwa kuwa mzigo hubadilika kwa mraba wa uwiano wa mizunguko, transfoma yahitaji mizunguko 25 upande wa valvu kwa kila mmoja upande wa spika. Hesabu ni nyepesi. Kuisuka transfoma ipitishe sawasawa noti za chini na za juu ni kazi ngumu mno, na iliyoungua haipatikani kwa urahisi. Valvu, kinyume chake, hubadilishwa; KT66 mpya hutengenezwa hata leo Slovakia na Urusi.

Hata hivyo valvu za asili hutafutwa sana, na ulaghai haukosekani. Jina lililopigwa chapa juu ya kioo hufutika kwa kidole na laweza kuchapwa upya. Katika valvu nyingi za Mullard, alama ya kuaminika zaidi ni ile ya kijivu iliyochorwa chini ya kioo: mstari wa pili ukianza na B, valvu ilitoka kiwanda cha Blackburn, na tarakimu ifuatayo ni ya mwisho ya mwaka. Tena, doa la fedha ndani ya kioo ni bariamu, iliyowekwa ili inyonye mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa.

Jaribio la kuwasha lisifanywe na mwenye pupa. Kapasita za karatasi za miaka ya 1950 huvuja. Volti chanya hufika kwenye gridi ya valvu ya mwisho, mkondo hupanda, na transfoma ile isiyopatikana huungua kwa dakika chache. Fundi hodari huzibadilisha kwanza, kisha huwasha kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo. Hata baada ya kuchomoa waya, kapasita kubwa zaweza kubaki na volti 300 au zaidi, nazo hutolewa chaji kwa rezista, si kwa bisibisi. Vipuri vilivyoondolewa na vitiwe katika bahasha na kutunzwa pamoja na chombo, kwani mnunuzi mjuzi ataviulizia. Na rangi ya zamani, hata ikiwa imechubuka, isipakwe upya.