Kompyuta Yakagua Makala ya Utafiti

Matokeo ya utafiti hayawi elimu ya kutegemewa kwa sababu tu yametangazwa. Sharti mtafiti aeleze njia aliyoipita, ili mwingine aweze kuirudia na kuona kama atafika pale pale. Ndiyo sababu majarida ya sayansi huwapa wataalamu wengine makala wayahakiki kabla ya kuyachapisha. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi mingi.

Ili kuepuka uchelewaji huo, watafiti wengi hutoa makala tangulizi, yaani makala yanayowekwa hadharani kabla ya kuhakikiwa. Hazina ya makala hayo iitwayo arXiv ilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya fizikia; bioRxiv, ya elimu ya viumbe, ilifuata mwaka 2013, na medRxiv, ya tiba, mwaka 2019.

UVIKO-19 ulipozuka, makala tangulizi yalimiminika kwa maelfu. Tarehe 31 Januari 2020, makala yaliyowekwa katika bioRxiv yalidai kuwa virusi hivyo vipya vina vipande vinavyofanana kwa namna ya ajabu na vya virusi vya UKIMWI. Wanasayansi walionyesha kwamba vipande vifupi kama hivyo hupatikana katika viumbe vingi. Waandishi wakayaondoa makala yao baada ya siku chache, lakini uvumi ulikuwa umekwisha kuenea.

Mwaka huo huo, kikundi cha wataalamu kiliunganisha programu kadhaa za kompyuta ili zikague makala yote ya UVIKO-19 katika bioRxiv na medRxiv. SciScore huchunguza iwapo watafiti wameeleza kama waligawanya makundi kwa bahati nasibu. ODDPub hutafuta tamko kwamba data zinapatikana kwa wote. Barzooka, iliyotungwa Berlin, hutazama michoro, hasa grafu za mihimili. Mathalani, vipimo 10, 10, 10, 10 na vipimo 1, 1, 1, 37 vyote vina wastani wa 10. Mihimili yake italingana kwa urefu, ingawa habari zake ni mbali mbali. Afadhali kila kipimo kionyeshwe kwa nukta yake.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalihusu makala zaidi ya 6,500. Takriban moja tu kati ya saba yalitoa data wazi, na thuluthi moja hivi ndiyo iliyokiri upungufu wowote wa utafiti wenyewe.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kuwa kompyuta hutambua maneno na maumbo, haipimi ukweli. Yaweza kudai mgawanyo wa bahati nasibu katika utafiti wa hesabu tupu usiouhitaji, au kuridhika na tamko la data ambazo hakuna awezaye kuzipata. Kosa la makala yale ya Januari lilikuwa la hoja, nalo lilifichuliwa na watu waliojua somo lao.

Kwa hiyo programu hizi si mahakimu. Faida yake ni kumkumbusha mwandishi alichosahau wakati angali aweza kurekebisha, na kumwonyesha msomaji ni wapi njia haikuelezwa. Kuipita njia hiyo na kuijaribu kungali ni kazi ya binadamu.