Wales ilifungwa mechi tatu, muziki wake ukapata soko

Serikali ya Wales ilitenga pauni milioni 1 kwa ajili ya Euro ya wanawake iliyochezwa Uswisi Julai 2025, na mfuko huo haukulenga mshahara wa mchezaji wala posho ya kocha. Ulikuwa wa mashirika ya sanaa, ya vijana na ya michezo, ili yayatumie mashindano kuitangaza nchi: lugha yake, nyimbo zake, bidhaa zake. Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya wanawake ya Wales kufika fainali za mashindano makubwa, na ikapangwa kundi moja na Uholanzi, Ufaransa na England. Ikafungwa 3-0 mjini Lucerne, kisha 4-1 na 6-1 mjini St. Gallen. Imeruhusu mabao 13, imefunga mawili, imerudi nyumbani.

Ukitazama matokeo peke yake utasema fedha zilipotea. Mimi sioni hivyo. Wales iliingia Uswisi kama mfanyabiashara anayekodi kibanda kwenye maonyesho ya Sabasaba: hakodi ili apate medali, anakodi ili wapita njia wasimame, waonje, waulize bei. Swali langu liko kwingine. Wapita njia wakishanunua, fedha inamfikia nani?

Tuanze na ukubwa wa soko. Wales ina watu wapatao milioni 3.1, na kwa sensa ya 2021 wanaozungumza Kiwelisi ni takriban 538,000, sawa na asilimia 17.8. Serikali imejiwekea lengo la wasemaji milioni 1 ifikapo 2050. Msanii anayeimba kwa lugha hiyo, basi, anaanza na wasikilizaji ambao hawafiki hata nusu ya wakazi wa Wilaya ya Temeke. Hapo hakuna lebo kubwa ya London itakayohangaika naye. Lazima soko lipanuliwe kwa njia nyingine, na mpira umekuwa mojawapo ya njia hizo.

Haikupangwa tangu mwanzo. Mwaka 2016 timu ya wanaume ilipofika nusu fainali ya Euro kule Ufaransa, bendi ya Manic Street Preachers ilitoa wimbo rasmi wa timu na faida ikapelekwa kwenye misaada. Kilichobadilisha mambo ni wimbo wa zamani zaidi. Dafydd Iwan alitoa "Yma o Hyd" mwaka 1983, miaka michache baada ya Wawelisi kuukataa mpango wa ugatuzi kwenye kura ya maoni ya 1979. Machi 2022 aliuimba uwanjani Cardiff kabla ya mechi ya mchujo dhidi ya Austria, naye ni mzee wa miaka karibu themanini, machozi yakimlenga. Wales ikashinda. Wimbo ukafanywa rasmi kwa Kombe la Dunia la Qatar, serikali ikatenga pauni milioni 1.8 za kuitangaza nchi wakati wa mashindano hayo, na kabla ya mechi ya kwanza zaidi ya watoto 200,000 wa shule za msingi wakaimba kwa pamoja katika tamasha lililoandaliwa na shirika la vijana la Urdd. Kwangu, tamasha lile la watoto lilikuwa uwekezaji mkubwa kuliko tangazo lolote la televisheni. Mtoto anayejifunza wimbo darasani akiwa na miaka minane ndiye atakayenunua tiketi ya onyesho akiwa na miaka ishirini.

Kwa hiyo wanawake walipofuzu, Desemba 2024, kwa kuifunga Jamhuri ya Ireland 2-1 mjini Dublin, kila kitu kilikuwa tayari. Chama cha soka cha Wales, FAW, kikairudisha Gŵyl Cymru, tamasha lake la sanaa lililoanza wakati wa Qatar, safari hii likifanyika nyumbani na Uswisi. Kocha Rhian Wilkinson akatangaza kikosi chake juu ya kilele cha Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote nchini. Kwa mtu wa utalii, picha ile ilikuwa tangazo ambalo halikulipiwa.

Ukiitaka biashara hii katika kitu kimoja cha kushika mkononi, chukua kofia. Ni pama ya kitambaa, ukingo wake umeinamia macho, imepigwa mistari mipana ya nyekundu, njano na kijani. Haikubuniwa na kampuni kubwa ya vifaa vya michezo. Imetokana na duka dogo la Spirit of '58 katika mji wa Bala, huko kaskazini, na jina la duka linakumbusha Kombe la Dunia la 1958. Leo ukiona watu kadhaa wamevaa pama hiyo uwanja wa ndege popote duniani, unajua ni Wawelisi. Ongeza Barry Horns, kundi la mashabiki la tangu 2011 wanaopiga matarumbeta, matromboni na ngoma majukwaani, na nchi inasikika na kuonekana kwa gharama ndogo sana.

Kofia inauzwa dukani na fedha yake inahesabika. Muziki ni mgumu zaidi. Mashabiki elfu wakiimba wimbo jukwaani, hakuna anayemwandikia mtunzi hundi. Malipo huja pale wimbo unapotangazwa redioni au kwenye televisheni, unapopigwa ukumbini wenye leseni, unapouzwa au kusikilizwa mtandaoni. Mrabaha hukusanywa na chama cha hakimiliki na kugawanywa, na kila kitu kinategemea kanuni ya kugawanya.

Wawelisi waliionja kanuni hiyo kwa uchungu. Mwaka 2007 chama cha PRS cha Uingereza kilibadili namna ya kukokotoa mrabaha wa nyimbo zinazopigwa kwenye vituo vya Kiwelisi, na mapato ya wasanii wengi yakaporomoka. Wakajitoa, wakaunda chombo chao, Eos, na Januari 2013 wakaizuia BBC kupiga nyimbo zao. Radio Cymru, idhaa ya BBC kwa Kiwelisi, ikalazimika kupunguza saa za matangazo na kujaza vipindi kwa nyimbo za Kiingereza na ala tupu. Kesi ikafika baraza la hakimiliki, ambalo mwishoni mwa mwaka huo liliamua BBC ilipe Eos pauni 100,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kilikuwa chini sana ya walichodai. Ni fedha ya kugawana wanachama wote, watunzi na wachapishaji. Msomaji anayefuatilia malalamiko ya wasanii wetu kuhusu mirabaha ataitambua hadithi hii bila kuelezwa zaidi.

Hata hivyo miundombinu ipo. Lebo ya Sain, ambayo Dafydd Iwan mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1969, bado inafanya kazi karibu na Caernarfon. PYST, iliyoanza 2018, inasambaza muziki wa Wales mtandaoni. Na wanawake ndio wanaoongoza wimbi jipya: Adwaith, kundi la wasichana watatu kutoka Carmarthen, limeshinda Tuzo ya Muziki ya Wales mara mbili, 2019 na 2022, kwa albamu za Kiwelisi. Mashindano ya wanawake yaliwakuta wasanii wa namna hiyo wakiwa wameshakomaa. Hakukuwa na haja ya kuwatengeneza kwa ajili ya sherehe.

Soka lenyewe la wanawake limepita njia ndefu kuliko muziki. Liliwekewa marufuku miaka ya 1920, marufuku ikaondolewa 1970, na timu ya taifa ikaingia rasmi chini ya FAW mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya wachezaji wenyewe kwenda kudai. Mmoja wao, Laura McAllister, sasa ni makamu wa rais wa UEFA. Mwaka 2023 timu ya wanaume ilikubali kupunguza malipo yake kwa asilimia 25 ili wanawake walipwe sawa. Mechi ya kwanza ya mchujo wa kufuzu dhidi ya Ireland, mjini Cardiff, ilitazamwa na watu 16,845, rekodi kwa timu hiyo. Na Jess Fishlock, aliyekuwa na miaka 38 wakati huo, ndiye aliyefunga bao la kwanza la Wales katika fainali hizi, dhidi ya Ufaransa. Nimeutazama tena mkanda wa bao lile, na kelele za jukwaa zinatosha kumweleza mwekezaji yeyote kwa nini watu hawa wanafaa kuwekewa fedha.

UEFA nayo haikutafuta faida ya haraka. Ilisema mapema kwamba ilitarajia hasara ya euro milioni 20 hadi 25, huku zawadi zikipanda kutoka euro milioni 16 za mwaka 2022 hadi milioni 41. Bunge la Uswisi liliongeza mchango wa serikali kutoka faranga milioni 4 hadi 15. Tiketi ziliuzwa faranga 25 hadi 90, na mwenye tiketi alipanda treni na mabasi bure siku ya mechi. Waliohudhuria wakafika 657,291, idadi ambayo Euro ya wanawake haikuwa imewahi kufikia. Wote hao walikuwa wakipanda mbegu.

Hapo ndipo ninapoanza kuidai Serikali ya Wales. Katika bajeti ya 2024-25 ruzuku ya Baraza la Sanaa la Wales ilikatwa kwa asilimia 10.5. Makumbusho ya taifa yakapunguza wafanyakazi 90 au zaidi. Chuo cha muziki na maigizo cha Cardiff kikafunga idara yake ya watoto na vijana. Ukitoa milioni kwa wiki tatu za mashindano huku ukipunguza fedha ya miaka yote, utakuwa na kibanda kizuri na ghala tupu. Usiku wa tarehe 4 na 5 Julai 2025, wakati timu ikijiandaa na kisha kucheza Lucerne, bendi ya Oasis ilizindua ziara yake katika uwanja mkubwa wa Cardiff. Hoteli zilijaa, baa zilijaa, na hilo ni jema. Lakini msanii wa Kiwelisi haanzii uwanja wa watu elfu sabini. Anaanzia ukumbi wa watu mia mbili, na kumbi hizo zimekuwa zikifungwa Cardiff: Gwdihŵ mwaka 2019, The Moon mwishoni mwa 2024.

Somo hili linatuhusu na sisi. Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027, na mazungumzo mengi hadi sasa yamehusu viwanja na barabara. Singeli, taarab na benga vinahitaji mstari wao kwenye bajeti sasa, pamoja na mikataba ya mrabaha iliyosainiwa kabla wimbo haujapigwa uwanjani, maana baada ya kipenga cha mwisho msanii hana tena cha kujadiliana nacho.

Wales nayo ina mtihani wake karibu. Euro ya wanaume ya 2028 itafunguliwa Cardiff tarehe 9 Juni, na safari hii wageni ndio watakaokuja. Kutoka uwanjani hadi Womanby Street ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Katika mtaa huo mwembamba ipo Clwb Ifor Bach, iliyofunguliwa 1983, ambayo kwa miaka imekuwa na mpango wa kujipanua hadi jengo la jirani. Fedha ya kuukamilisha mpango huo ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia mfuko wa 2028, na ingefaa itolewe mapema.