Dawa ni za Bure, Nauli Je?

Mwaka 2000, dawa za mwaka mmoja za mtu mmoja anayeishi na VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Leo kidonge kimoja cha kila siku, chenye dawa tatu ndani yake na kinachofahamika kliniki kwa jina la TLD, hununuliwa kwa ajili ya nchi maskini kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka mzima. Tanzania inakitoa bila malipo, kama ilivyokuwa ikitoa dawa za kufubaza virusi tangu mwaka 2004. Hata hivyo wapo wanaokikosa. Mara nyingi kidonge kipo kwenye kabati la zahanati, lakini kati ya kabati hilo na kinywa cha mgonjwa kuna safari, kuna chakula, kuna mama mkwe, kuna mume asiyejua na mtoto anayeuliza maswali. Kwa sisi tunaohudumia kaya zenye kipato kidogo, huko ndiko matibabu yanakofaulu au kukwama.

Niseme kwanza yaliyofanikiwa, kwa sababu ni makubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Mkoa wa Njombe uliongoza kwa asilimia 12.7, ukifuatiwa na Iringa na Mbeya. Kati ya wanaoishi na VVU na kujua hali zao, karibu 98 katika kila 100 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Waliokuwepo Kagera miaka ya 1980, baada ya wagonjwa wa kwanza nchini kugunduliwa mkoani humo mwaka 1983, watu walipouita ugonjwa huu Juliana na kuzika karibu kila juma, wanajua ukubwa wa jambo hili kuliko takwimu yoyote inavyoweza kueleza.

Sasa waliobaki nyuma ni akina nani? Ukifungua rejesta ya waliokatisha dawa, utakuta kibarua wa msimu aliyehamia kambi ya mbao, binti wa kazi za ndani asiyeruhusiwa kutoka siku za kazi, mama wa watoto wanne ambaye bodaboda ya kwenda na kurudi kliniki inaweza kumlia ujira wa siku mbili. Ukiwauliza, wengi wao hawaichukii dawa. Wanazijua faida zake na watakueleza vizuri kuliko bango lililobandikwa ukutani.

Katika maeneo ya milima kama Makete na Ludewa mkoani Njombe, umbali haupimwi kwa kilomita. Masika barabara ikiharibika, nauli hupanda, na aliyepangiwa kuja Jumanne atakuja wiki inayofuata, dawa zikiwa zimeshamwishia. Utaratibu wa kumpa mtu dawa za miezi 3 au 6 kwa mpigo umeokoa wengi hapa. Anakuja mara mbili kwa mwaka, anachukua makopo yake, anarudi shambani. Ila utaratibu huo ni kwa ambaye virusi vyake vimefubaa. Ambaye kipimo kimeonyesha virusi bado viko juu hutakiwa kurudi kila mwezi kwa ushauri wa kina, hadi kipimo kirudiwe. Kitaalamu ina mantiki: huyu ndiye anayehitaji kusaidiwa kwa karibu. Lakini kama alikosa dawa kwa sababu ya nauli, tumemwongezea safari. Naona ni lazima swali la nauli liulizwe kabla ya tarehe kuandikwa kwenye kadi, na pale mtu anapoishi mbali, ushauri huo umfuate kwao kupitia WAVIU washauri, yaani wenzake wanaoishi na VVU waliofundishwa kazi hiyo.

Baada ya nauli linakuja tumbo. Kuna imani iliyoenea sana, tena kwa sehemu tuliipanda sisi wenyewe watoa huduma, kwamba dawa hizi ni kali na hazinywewi bila kula. Baadhi ya dawa za zamani kweli zilitakiwa kunywewa pamoja na chakula. TLD haina sharti hilo. Unaweza kuimeza umeshiba au una njaa, asubuhi au usiku, mradi iwe saa ileile kila siku. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaolala njaa na kuruka dozi wakidhani wanajikinga na madhara, kumbe wanavipa virusi nafasi ya kuzaliana na hatimaye kuwa sugu.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito, vya kalisi, na baadhi ya dawa za kiungulia huzuia dolutegravir, moja ya dawa tatu zilizomo kwenye TLD, isinyonywe vizuri mwilini. Vya damu na vya kalisi vinaweza kumezwa pamoja na TLD wakati wa mlo. Mtu akiwa hajala, aimeze TLD saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yavyo. Dawa hizo za kiungulia zenyewe zitenganishwe na TLD kwa saa hizohizo, hata kama amekula. Na mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huongezewa dolutegravir ya pili, saa 12 baada ya TLD, kwa sababu rifampisini huipunguza nguvu. Anayeona kidonge kimeongezeka bila kuelezwa huhisi hali yake imekuwa mbaya. Maelezo ya dakika mbili yanamwondolea hofu hiyo.

Hata hivyo, kusema dawa inamezwa bila chakula si kusema njaa haina neno. Mtu anayeanza dawa akiwa amekonda huanza kurudisha hamu ya kula baada ya wiki chache, na hapo ndipo nyumba nyingine hutikisika: mgonjwa anataka kula na debe limekauka. Magharibi mwa Kenya walilikabili hili bila aibu. Mpango wa AMPATH mjini Eldoret, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya hapo na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulianza kutoa dawa mwaka 2001. Madaktari wake, akiwemo Joe Mamlin, waliona wagonjwa wenye dawa mkononi lakini wasionenepa kwa kuwa nyumbani hakuna kitu. Wakafungua mashamba, wakalima mboga, wakafuga, na mtaalamu wa lishe akawa anaandika chakula kama daktari anavyoandika dawa, akihesabu na wategemezi walioko nyumbani. Hesabu hiyo ya wategemezi ndiyo ninayoipenda zaidi. Mpe mama mwenye watoto watatu unga wa lishe wa mtu mmoja, uone kama ataupika peke yake akaula wakimtazama.

Tuje kwenye kopo. Dawa huja kwenye kopo la plastiki lenye vidonge 30, 90 au 180, na ndani yake kuna kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Kopo hilo linalia. Katika nyumba ya chumba kimoja, au kwenye daladala, kila anayelijua mlio wake atajua umebeba nini. Ndiyo maana wengi hufanya jambo linaloeleweka kabisa: wanazimwaga dawa kwenye kimfuko cha nailoni au wanazifunga kwenye kitambaa, kisha wanazificha kwenye gunia la mahindi, kwenye matofali ya ukuta, juu ya paa la jiko. Joto na unyevu huzila dawa. Mtu anaweza kumeza kila siku bila kukosa, na bado kipimo kikarudi kibaya. Dawa zibaki kwenye kopo lake pamoja na kile kipakiti, na juu yake ajazie pamba safi hadi kifuniko kifunge. Halitalia tena. Watoa huduma wengi wanalifahamu hili lakini hawalisemi, kwa sababu hawajamuuliza mteja anaficha wapi.

Anamficha nani ni swali kubwa zaidi. Mama aliyejifungua huelekezwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6, aendelee na dawa zake, na mtoto apewe nevirapini ya maji kwa wiki 6 za mwanzo. Akifuata hayo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5, wakati bila dawa ungeweza kufika hata asilimia 45. Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6, miezi 9, na tena miezi 18. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Kisha mama anarudi nyumbani kwa mumewe, na mwezi wa pili mama mkwe anakoroga uji mwepesi. "Mtoto analia njaa, mwanangu, maziwa yako hayatoshi." Akatae kwa sababu gani? Akisema wameelekezwa kliniki, ataulizwa mbona wenzake waliojifungua pamoja naye wanawapa watoto wao maji na uji. Hawezi kushinda mabishano hayo peke yake akiwa na siri kifuani. Kliniki zinazomwita mama mkwe na baba mtoto kwenye somo la kunyonyesha la akina mama wote, bila kumtaja yeyote, zinamvusha mama huyo, kwa sababu maziwa ya mama pekee ni agizo la kila mtoto, mwenye mama anayeishi na VVU na asiye naye.

Ukimwacha mwenza, ambaye sheria inataka aelezwe, nani aambiwe hali ya mgonjwa ni uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamlinda dhidi ya unyanyapaa na dhidi ya mtoa huduma anayetoa siri. Kazi yetu ni kumsaidia amtafute mtu mmoja wa kuanzia: dada, rafiki, mjomba. Mwenye msaidizi mmoja anayejua humeza dawa vizuri kuliko mwenye ukoo mzima usiojua.

Na watoto? Hapa pana kazi kubwa kuliko zote, na mara nyingi imeangukia mabegani mwa bibi. Zamani mtoto mdogo alipewa dawa ya maji chungu mno, iliyotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi, katika nyumba zisizo na umeme. Siku hizi kuna kidonge cha dolutegravir cha watoto kinachoyeyuka kwenye maji, chenye ladha ya stroberi. Bibi anahesabu vidonge kulingana na uzito wa mjukuu, anaviweka kwenye kikombe chenye maji kidogo safi, anakoroga, mtoto anakunywa, kisha anaongeza maji kidogo kusuuza yaliyobaki, na mtoto anayamalizia. Uzito ukiongezeka dozi nayo hubadilika, kwa hiyo mtoto apelekwe kliniki yeye mwenyewe apimwe, si bibi kutumwa peke yake kuchukua dawa.

Ladha imepatiwa ufumbuzi. Swali la mtoto bado. "Bibi, mbona dada hanywi?" Linakuja akiwa na miaka 5 au 6, na bibi wengi hujibu kwamba ni dawa ya kifua au ya malaria. Uongo huo hudumu mpaka siku mtoto anaposikia darasani dawa hizo ni za nini. Ushauri wa kitaalamu ni kumwambia ukweli kidogo kidogo kadiri anavyokua. Wa miaka 6 anaambiwa kuwa mwilini mwake kuna askari wanaomlinda, na dawa inawalaza wadudu wanaotaka kuwapiga askari hao. Wa miaka 8 au 9 anaambiwa kwa nini asiikose dawa hata siku moja. Jina la virusi alijue kabla hajamaliza utoto, kwa kawaida si baada ya miaka 12, tena kwa kinywa cha anayempenda, mshauri akiwa pembeni. Vijana wanaojikuta wameambiwa wakiwa na miaka 15 au 16 wengi huacha dawa kwa hasira. Hasira yao ni juu ya waliowadanganya.

Na bibi mwenyewe ana presha, magoti yanamuuma, haoni vizuri maandishi ya kopo. Akiugua wiki mbili, mjukuu naye amekosa dawa wiki mbili. Wapo mabibi waliowazika wanao Kagera, wakalea wajukuu, na sasa wanalea vitukuu. Mlezi apimwe presha siku ileile mjukuu anapochukua dawa, na jina la mlezi wa pili liandikwe kwenye faili kabla hajahitajika.

Nani atafanya kazi hii ya kuingia majumbani? Kwa miaka mingi ilifanywa na wahudumu wa kujitolea na WAVIU washauri waliolipwa posho na miradi, mingi ya fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, sehemu nyingi za Afrika Mashariki dawa ziliendelea kuwepo lakini wanaozifuatilia walirudishwa nyumbani. Tulioona rejesta baada ya hapo tunajua pengo hilo lina maana gani.

Tanzania tayari ina mlango. Januari 2024 ilizinduliwa programu jumuishi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yenye lengo la kuwafundisha na kuwapanga wahudumu 137,294 katika vijiji na mitaa kwa miaka 5. Hawa wataingia kwenye kila nyumba kwa mambo ya malaria, lishe na uzazi, na kwa sababu wanaingia kwenye kila nyumba, ujio wao hautamfichua mtu. Nawaomba wanaowafundisha wawape, pamoja na fomu zao, maswali machache ya kuuliza faraghani kwa mteja aliyeridhia kutembelewa: dawa zimebaki za siku ngapi, unaziweka wapi, nani mwingine hapa anajua, jana mlikula nini, na nauli ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi itatoka wapi. Jibu la hilo la mwisho liandikwe na lifikishwe kwa muuguzi kabla ya tarehe yenyewe.