Kinundu Katika Pafu (3): Sindano Inaposema 'Hakuna Saratani'

Wiki iliyopita tulimwacha mgonjwa ameshika bahasha ya picha, hana usingizi. Tumpunguzie hofu kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha watu zaidi ya 53,000, wote wavutaji sugu wa sigara au waliokwisha kuacha, na takriban nusu yao walipimwa kwa CT. Katika majibu ya CT yaliyotiliwa shaka, asilimia 96 hayakuwa saratani.

Basi sindano ya kuchukua kinyama kwenye kinundu ni ya nini? Kwa sababu macho yana mwisho. Kinundu chenye mafuta, au chokaa iliyofumuka kama bisi, daktari wa mionzi hukitambua papo hapo: ni hamatoma, hakina neno. Kinachotusumbua huku kwetu ni alama za kifua kikuu, ambazo huweza kuota miiba pembeni zikafanana kabisa na saratani.

Mgonjwa hulazwa kwenye meza ya CT, akapigwa ganzi. Sindano hupitishwa juu ya ubavu, si chini yake, maana mishipa ya damu imejibanza ukingo wa chini. Inasogezwa kidogo, picha inapigwa, inasogezwa tena. Kila mara mgonjwa hubana pumzi kwa kipimo kilekile, kwani kinundu hupanda na kushuka naye. Wapo wanaovuja hewa kifuani baadaye. Wengi hupona wenyewe, wachache huwekewa mpira wa kutoa hewa hiyo.

Sasa majibu, na hapa ndipo watu hupotea. "Hamatoma" ni jibu. "Granuloma yenye vimelea vya TB" ni jibu. Lakini "hakuna seli za saratani zilizoonekana" bado si jibu. Ni kama kumtuma mtoto sokoni amtafute shangazi auzaye samaki, akarudi kusema hakumwona: je, alifika kwenye meza ya samaki? Daktari makini hurudi kwenye picha kuangalia ncha ya sindano ilikuwa wapi. Kama ilikuwa pembeni, au shaka ingali kubwa, kinyama huchukuliwa tena. La sivyo kinundu hufuatiliwa kwa CT, na kile kigumu kisichokua kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani.

Nami nina ombi kwa wenzangu wa chumba cha sindano. Msiloweke kinyama chote kwenye fomalini. Inaua vimelea, na maabara ya TB haitakuwa na cha kuotesha.

(Itaendelea)