Mboji Pasiansi: faida huanzia kwenye ndoo ya taka

Mkulima wa mchicha katika kata ya Pasiansi, Mwanza, hulima juu ya mchanga. Udongo huu, ambao Wasukuma huuita luseni, umetokana na majabali ya itale yale yale yanayoupamba mji huo. Ni mwepesi kulimika lakini hauweki akiba: maji hupita, mbolea huyeyuka nayo, na fedha ya dukani huzama chini ya mizizi. Hasara hiyo iliuma zaidi bei za mbolea zilipopaa duniani, hadi mwaka 2022 serikali ikaanza kutoa ruzuku.

Mboji huziba tundu hilo. Rundo hupangwa kwa tabaka: majani makavu na mabua kwa wingi, kisha maganda ya ndizi, masalia ya kabichi na samadi, likinyunyiziwa maji hadi liwe na unyevu wa sponji iliyokamuliwa. Chomeka fimbo katikati. Siku chache baadaye ukiichomoa, mkono unasita kuishika. Ni vijidudu vinavyokula na kupumua. Joto la nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu za magugu na vimelea vingi. Likishuka, rundo hugeuzwa lipate hewa. Baada ya miezi miwili au mitatu limepungua karibu nusu, jeusi, likinukia ardhi iliyopata mvua.

Mboji haichukui nafasi yote ya mbolea ya viwandani. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji mara nyingi asilimia 1 hadi 2. Kazi yake ni kushika maji na virutubisho, ili mbolea kidogo itoshe.

Kwa mfanyabiashara wa mboji, malighafi ni bure. Kinachogharimu ni kuchambua, kusomba na kugeuza. Mifuko na vioo vikichanganyika humo, ujira wa kibarua humeza faida.

Ziwa Victoria lenyewe lina walimu wa kazi hii. Kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, Wakara walifuga ng'ombe ndani, wakawaletea majani, wakabeba samadi hadi mashambani na kupanda marejea kurutubisha ardhi. Wataalamu wa kilimo Thornton na Rounce waliieleza kazi yao mwaka 1936. Kwao samadi ilikuwa mali. Sisi hulipa ada ili mali kama hiyo, taka zinazooza, ipelekwe dampo. Ndoo mbili kwenye kila genge, moja ya vinavyooza na nyingine ya visivyooza, zingeanza kuirudisha bustanini.