Kinywa na Ukoo: Ulaji Ulivyozaa Samaki wa Miamba ya Mafia

Samaki wa miamba ya matumbawe hutambulika upesi kwa rangi, lakini historia yao imeandikwa zaidi kinywani. Mbele ya delta ya Rufiji, katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kumeorodheshwa zaidi ya spishi 400 za samaki. Delta yenyewe haina miamba ya namna hiyo. Matumbawe huhitaji mwanga na maji yenye chumvi, nayo maji ya mto hushuka na tope, kwa hiyo miamba iliyostawi hupatikana mashariki na kusini mwa Mafia, kama vile Ghuba ya Chole na Kitutia. Mtu wa Ngorongo, juu mtoni, amezoea perege na kambale. Wa Nyamisati, karibu na bahari, hupokea pia pono, tasi na changu kutoka baharini. Perege wa mtoni na pono wa baharini wanafanana kwa jambo moja lisiloonekana kwa nje, nalo limejificha kooni.

Njia kongwe ya kula kwa samaki wenye mifupa ni kuvuta maji. Chewa anapokiona kidagaa karibu, hufungua kinywa ghafla na kushusha sakafu yake, maji yakaingia kwa kasi na kidagaa ndani yake. Njia hii hufaa kwa kila kinachoelea au kuogelea. Haifai kitu kwa mwani uliogandamana na jabali, wala kwa matumbawe yenyewe. Anayetaka chakula hicho lazima aume, na kuuma kunadai taya fupi zenye nguvu na meno yaliyokaa mbele.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na kundi la Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulilinganisha maumbo ya samaki wa miamba na namna wanavyokula. Ulionyesha kwamba waumaji walikuwa wachache katika enzi za dinosaria, kisha wakaongezeka baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, na kwamba maumbo yao yamebadilika kwa kasi kubwa kuliko ya wavutaji. Visukuku vya Monte Bolca nchini Italia, vyenye umri wa miaka milioni 50 hivi, tayari vina jamaa za kangaja na tasi.

Sababu ya kasi hiyo inaeleweka. Kinywa kimoja cha kuvuta hukamata kamba, kaa mdogo na kidagaa bila kubadilika sana. Chakula kilichoshikamana na jabali kina namna nyingi, na kila namna inataka kifaa chake: utando mwembamba wa mwani, jani gumu la nyasi za baharini, sifongo, matumbawe yenye chokaa. Muumaji lazima pia asimame majini mbele ya ukuta wa mwamba, ageuke mahali finyu na kurudi nyuma bila kuumia. Ndiyo maana samaki vipepeo na vitatange wana miili mirefu kwenda juu lakini myembamba ubavuni.

Pono ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Yeye ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo mkubwa wa samaki aina ya Labridae, na meno yake ya mbele yameungana yakawa mdomo mgumu kama wa kasuku. Wapo wanaochimba, kama wa jenasi ya Chlorurus, ambao huacha kovu jeupe juu ya jabali. Wapo wanaokwangua juu juu, kama wengi wa jenasi ya Scarus. Wapo pia waliobaki kwenye nyasi za baharini, kama Leptoscarus vaigiensis anayenaswa sana na madema ya pwani ya Afrika Mashariki. Jabali likishameguliwa husagwa kooni kwa jozi ya pili ya taya, na chokaa iliyosagwa hutoka tumboni ikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe imepita katika matumbo ya pono.

Hata hivyo, chakula peke yake hakielezi wingi wa spishi za pono. Wachunguzi wa ukoo huu wameona hatua zinazofuatana: kwanza matawi yalitengana kwa makazi, nyasi au mwamba, kisha kwa kinywa, mwishowe kwa rangi. Spishi nyingi za Scarus zina vinywa vinavyokaribiana sana, na kinachozitenganisha ni mavazi ya dume anapomwita jike. Ulaji ulifungua mlango wa mwambani, uchumba ukawagawa waliokwisha kuingia.

Jozi ya pili ya taya ndiyo inayowaunganisha pono na perege. Samaki wengi wenye mifupa wana vipande vyenye meno nyuma ya matamvua, vinavyosaidia kumeza. Kwa pono na jamaa zake, na kwa ukoo wa perege pia, vipande vya chini vimeungana kuwa mfupa mmoja, na misuli yake huweza kusaga kwa nguvu. Mwaka 1973 Karel Liem alieleza kwamba muundo huu uliziacha huru taya za mbele: kazi ya kusaga ikishahamia kooni, midomo inaweza kujifunza kukwangua, kunyofoa au kunyonya. Baadaye samaki hawa walidhaniwa kuwa wa ukoo mmoja. Lakini vinasaba vimeonyesha kwamba taya hizo ziliundwa zaidi ya mara moja, mbali mbali. Perege wa asili wa Rufiji, Oreochromis urolepis, na pono wa Kitutia wamefikia jibu lile lile kwa njia zao wenyewe. Ni ushahidi mzito, pengine mzito kuliko wowote katika habari hii, kwamba chakula kinaweza kuelekeza umbo.

Walaji wa mimea nao wamegawana kazi. Tasi, Siganus sutor, anayepatikana magharibi ya Bahari ya Hindi pekee, hukata mwani na nyasi. Kangaja wa jenasi ya Ctenochaetus wana meno membamba yanayonyumbulika, ya kuchania uchafu na vijidudu juu ya jabali. Kati ya puju, jamaa za kangaja, baadhi wameacha mwani na kurudi kula viumbe vidogo vinavyoelea. Njia ya mageuko haiendi upande mmoja tu.

Kuna bei ya kubobea. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za furu, samaki wa ukoo wa perege, waliozaliwa kwa kugawana chakula ndani ya miaka 15,000 hivi. Sangara alipopandikizwa katika miaka ya 1950, furu wanaokula samaki walikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya zaidi. Mwaka 2015 Matthew McGee na wenzake walionyesha kwamba mfupa ule ule ulioungana kooni hubana njia ya kumeza: furu huchukua muda mrefu mno kumeza samaki ambaye sangara humbugia upesi. Kifaa kilichowapa utajiri wa vyakula kiliwafunga mikono mbele ya mshindani mwenye koo pana.

Miambani, wenye hatari kama hiyo ni vipepeo wanaokula matumbawe hai. Utegemezi huo umezuka mara kadhaa katika ukoo wao, na Chaetodon trifascialis ameufikisha mbali zaidi, kwani hula karibu matumbawe ya Acropora peke yake, na kila mmoja hulinda eneo lake la kulia. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Mafia, hasa ya matawi, ambayo ndiyo chakula chake. Pono na kangaja walibaki na mwani wa kukwangua juu ya mifupa ya mwamba uliokufa. Kipepeo wa Acropora hakuwa na chakula kingine ambacho kinywa chake kingekiweza.