Nguzo ya Festivus: Ipi Ifaayo Nyumbani?

Kila tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, baadhi ya familia za Marekani husimamisha sebuleni nguzo tupu ya alumini. Haina taa, wala nyota, wala utepe wa kumetameta. Hilo ndilo pambo la Festivus, sikukuu iliyoanza kama mzaha wa nyumba moja.

Daniel O'Keefe aliianzisha mwaka 1966. Nyumbani kwake hapakuwa na nguzo, bali saa iliyotiwa mfukoni na kutundikwa ukutani. Nguzo ilizuliwa mwaka 1997, wakati mwanawe, Dan, alipokuwa miongoni mwa waandishi wa mchezo wa televisheni uitwao Seinfeld. Humo mzee Frank Costanza, aliyechoshwa na manunuzi ya Krismasi, anaisifu alumini kwa kuwa nyepesi na yenye nguvu.

Sifa hiyo ni ya kweli. Bomba la alumini la urefu wa mita 1.8, upana wa milimita 38 na unene wa milimita 2, lina uzito wa kilo 1.1 hivi, la chuma la vipimo hivyo hivyo hukaribia kilo 3.2. Tofauti hiyo si ndogo, kwani desturi ya Festivus ni kumaliza jioni kwa mieleka. Nguzo ikiangushwa, heri iwe nyepesi. Tena alumini haishiki kutu kama chuma, hivyo haihitaji rangi.

Bomba la plastiki ni rahisi kwa bei, lakini hupinda upesi, na kulipaka rangi ya fedha ni kujipamba, jambo ambalo sikukuu yenyewe hulikataa. Makopo matupu nayo hufaa. Mwaka 2013, katika jengo la serikali ya jimbo la Florida mjini Tallahassee, iliwekwa nguzo ya makopo ya bia. Atakayeiga na ayaoshe vizuri, ayapange kuizunguka fimbo imara, na ajihadhari na kingo zake kali.

Mwaka 2005 kampuni moja ya Milwaukee ilianza kuuza nguzo zilizo tayari. Lakini kununua pambo jipya ili kupinga manunuzi ni kuivunja maana ya siku hiyo. Mwenye nyumba mwenye busara hutazama stoo kwanza: fimbo kuukuu ya pazia au mhimili wa hema lililochakaa waweza kutosha.

Bomba hukatwa kwa msumeno wa chuma, na kingo zake husuguliwa kwa tupa, kisha kwa msasa. Husimamishwa ndani ya ndoo pana iliyoshindiliwa mchanga, kando ya ukuta, mbali na mahali pa mieleka na mbali na nyaya za umeme, maana alumini hupitisha umeme. Sikukuu ikiisha, nguzo hufutwa vumbi na kurudishwa stoo kungoja mwaka ujao, bila gharama nyingine.